Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu mkoani Tabora: watoto wetu wafundishwe kuchora

Kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Tabora, Wakurugenzi na Maafisa Elimu wa halmashauri zetu nane, Wathibiti Ubora wa Shule, na Waheshimiwa Madiwani mnaosimamia elimu katika halmashauri hizo.

YAH: KUFUNDISHA STADI ZA KUCHORA, KUPAKA RANGI NA KUFINYANGA KUANZIA DARASA LA TANO HADI KIDATO CHA PILI

Ndugu viongozi,

Kwa heshima ninawasalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ng'ambo katika Manispaa ya Tabora. Tangu nistaafu nimeendelea kuingia madarasani, kwa ridhaa ya walimu wakuu, kuwasaidia walimu katika upande mmoja wa somo la Sanaa na Michezo ambao wengi wao hawakuandaliwa kuufundisha, yaani kuchora, kupaka rangi na kufinyanga. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo ninalolileta halimo mikononi mwa ofisi moja. Ratiba hupangwa na mwalimu mkuu, fedha huidhinishwa na mkurugenzi, mafunzo ya walimu yako chini ya afisa elimu, ukaguzi ni wa mthibiti ubora, na penseli ya mtoto hununuliwa na mzazi. Barua ya kimyakimya kwa mmoja wenu ingewaacha wengine wote bila kujua kilichoombwa.

Ninachoomba ni kwamba kuchora kufundishwe kama stadi yenye hatua zinazofuatana, ambazo kila mtoto anaweza kuzipitia akiongozwa, kama tunavyofundisha kugawanya kwa njia ndefu au kuandika insha. Kwa sasa stadi hii imeachiwa watoto wachache tunaowaita wenye kipaji, na darasa lililobaki linawatazama.

Umri huo wa darasa la tano hadi kidato cha pili nimeutaja kwa makusudi. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili huchora bila kuombwa. Atamchora mama yake mkubwa kuliko nyumba, atamweka ng'ombe miguu yote minne kwenye mstari mmoja, na ataridhika. Anapokaribia miaka kumi mambo hubadilika. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alieleza mwaka 1947 kwamba kati ya miaka 9 na 12 hivi mtoto huanza kutaka mchoro wake ufanane na kitu anachokiona kwa macho, na miaka inayofuata hamu hiyo huzidi huku akizidi kuikosoa kazi yake mwenyewe. Yeyote aliyewahi kufundisha darasa la tano atayatambua maelezo hayo. Mtoto anachora mkono wa mtu, anaufuta, anauchora tena, anaufuta tena mpaka karatasi inatoboka, kisha anaufunika mchoro kwa kiwiko na kusema, "Mwalimu, mimi sijui kuchora." Jicho lake limekua kuliko mkono wake. Kosa analiona vizuri sana, ila hajapata mtu wa kumwonyesha njia ya kulirekebisha, na kwa sababu hiyo wengi huacha kuchora hapohapo na hawarudii tena maishani. Watu wazima wengi wa mkoa huu wakipewa penseli leo watachora kama walivyochora wakiwa na miaka kumi, kwa kuwa hapo ndipo shule ilipowaachia.

Somo lenyewe lipo. Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutekelezwa Januari 2024, umeweka Sanaa na Michezo miongoni mwa masomo ya shule ya msingi, na ninawapongeza kwa dhati waliolipigania. Kinachonisikitisha ni yale yanayotokea saa ya kipindi inapofika. Katika shule nyingi nilizoingia, kipindi hicho ndicho cha kwanza kukopwa mitihani inapokaribia, na kikishakopwa hakirudishwi. Kisipokopwa, mara nyingi huandikwa ubaoni maana ya sanaa, aina za sanaa na faida za sanaa, watoto wakanakili. Au mwalimu huchora ua ubaoni, watoto wakanakili ua lake, na aliyenakili vizuri akapigiwa makofi. Simlaumu mwalimu huyo. Amekabidhiwa watoto themanini au zaidi katika chumba kimoja, hana karatasi, na alipokuwa chuoni hakuna aliyemketisha mbele ya chungu akamwambia achore anachokiona. Anafundisha kwa kile alichopewa.

Naomba nieleze somo moja kwa ukaribu, ili ombi langu lisibaki hewani. Chukueni sufuria ya kawaida ya kupikia ugali, isiyo na mfuniko, muiweke juu ya dawati katikati ya kikundi cha watoto wa darasa la sita, kisha muwaambie waichore. Karibu wote watachora mdomo wa sufuria kama duara kamili, na kitako watakichora kwa mstari ulionyooka, tena wengine watatafuta rula. Wanajua kwamba mdomo ni mviringo, na wanajua kwamba sufuria imekaa juu ya dawati lililo bapa, basi wamechora wanachokijua. Sasa mwalimu anamwambia kila mtoto afumbe jicho moja, anyooshe mkono mbele yake, ashike penseli kwa kuilaza, na apime kwa kidole gumba upana wa mdomo wa sufuria kutoka kushoto hadi kulia. Kisha asimamishe penseli na apime kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Mtoto anagundua, kwa kipimo chake mwenyewe, kwamba kipimo cha pili ni sehemu ndogo tu ya kile cha kwanza, kwamba duara analolijua linafika machoni pake likiwa limebanwa. Anaambiwa ainame mpaka macho yake yawe sawa na ukingo wa sufuria, na duara linageuka kuwa mstari; anainuka polepole, na duara linafunguka. Baada ya hapo anaulizwa: ikiwa ukingo wa juu umejipinda hivi, kitako je? Hapo ndipo kelele zinapoanza, maana watoto wanaona kwamba kitako nacho kimejipinda, tena kimejipinda zaidi kuliko mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho yao. Wanabishana, wanasimama, wanainama, wanapima upya.

Mchoro wa pili wa watoto walewale, ndani ya kipindi kilekile, huwa tofauti kabisa na wa kwanza. Mabadiliko hayo hayawapati wale watatu tu waliokuwa na sifa ya kuchora tangu zamani. Yanaonekana karibu darasa zima, akiwamo yule aliyefunika daftari kwa kiwiko. Na somo hilo halikuhitaji umeme, wala rangi, wala kitabu cha ziada. Lilihitaji sufuria, penseli na mwalimu anayejua swali la kuuliza.

Mengine yanayofaa umri huu hufundishwa hivyohivyo. Watoto huchora macho juu sana, karibu na nywele. Wakipima uso wa mwenzao kutoka utosini hadi kidevuni wanakuta macho yako katikati. Kibaraza kirefu cha shule, ambacho nguzo zake huonekana kufupika na kusogeleana kadiri zinavyokwenda mbali, au barabara ya mjini kwetu yenye miembe pande zote mbili, humfundisha mtoto kwamba mistari iliyo sambamba ikielekea mbali huonekana kukutana katika nukta moja, iliyo kwenye kimo cha macho ya mtazamaji. Yai moja jeupe lililowekwa karibu na dirisha linatosha kufundisha mwanga, kivuli na ile sehemu ya katikati isiyo nyeupe wala nyeusi, ambayo ndiyo inayofanya kitu kionekane kuwa na unene. Kigoda huchorwa kwa urahisi mtoto akiacha kuhangaika na miguu na badala yake akachora maumbo ya uwazi uliopo kati ya miguu hiyo. Mambo haya yanajulikana kwa walimu wa sanaa duniani kote na yameandikwa kwa miaka mingi. Ila hayajafika kwa mwalimu wa darasa la tano wa Sikonge au Kaliua.

Nimeshasikia mara nyingi hoja kwamba sanaa ni kipaji, na kwamba asiyejaliwa asisumbuliwe. Mwanafunzi akishindwa kuzidisha sehemu, hakuna mwalimu anayemwambia kuwa hakujaliwa kuzidisha; anarudishwa hatua moja nyuma na kufundishwa tena. Wanaotetea hoja ya kipaji humtaja Edward Saidi Tingatinga, ambaye hakupita chuo chochote cha sanaa. Ni kweli hakupita. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege jijini Dar es Salaam, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zilizotumika kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, yaani alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka minne tu. Miaka minne ni michache mno kwa mtu mmoja kuacha mtindo unaotambulika hadi nje ya Afrika. Mtindo huo umedumu kwa sababu aliketisha vijana, wengi wao ndugu na jamaa zake, wakajifunza kwa kumwangalia na kufanya pamoja naye, nao wakawafundisha wengine, na wale wengine wakaendelea. Kwa hiyo mfano huo unaoletwa kupinga mafunzo ya kuchora mimi nauleta kuyatetea. Vivyo hivyo Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, ambaye ni miongoni mwa wachoraji wa mwanzo wa nchi hii waliosomea sanaa na aliyekuja kuwa Balozi wetu wa kwanza London, alifundishwa Makerere na baadaye akafundisha hapohapo.

Sitadai kwamba kuchora kutapandisha ufaulu wa Hisabati. Sina haja ya dai hilo, kwa kuwa faida za stadi yenyewe zinatosha. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza atatakiwa kuchora sehemu za ua na za moyo kwenye Baiolojia, na vifaa vya maabara kwenye Kemia. Asiyejua kuchora anachokiona hunakili mchoro wa kitabu na kuuweka majina bila kuuelewa. Seremala wa Kiloleni anayeweza kumchorea mteja kabati kabla ya kukata mbao hupunguza ugomvi na hasara. Mshonaji anayechora gauni mbele ya mteja hupata kazi ambayo mwenzake hapati. Na hata mtoto ambaye hatafanya lolote kati ya hayo atakuwa amejifunza kutazama kitu kwa makini kwa dakika arobaini bila kukimbilia jibu, jambo ambalo mimi, baada ya kufundisha maisha yangu yote, naliona kuwa adimu na la thamani.

Sasa vifaa, maana hapo ndipo mazungumzo mengi hukwama. Ofisi za halmashauri huchapa karatasi nyingi sana: rasimu za bajeti, taarifa za robo mwaka, makabrasha ya vikao. Nyingi huchapwa upande mmoja, na muda wake ukipita huchomwa moto. Naomba wakurugenzi watoe maelekezo kwamba karatasi zisizo na mambo ya siri zitengwe na kugawiwa shule, ili upande wa pili utumike kuchorea. Karatasi hiyo, hata ikiwa na maandishi mgongoni, inamtosha kabisa mtoto anayejifunza kupima kwa penseli, na humwondolea hofu ya kuharibu daftari lililonunuliwa kwa shida. Mkaa upo kila jiko la Tabora. Mkaa wa vijiti vyembamba, uliochomwa ndani ya kopo lililofunikwa ili hewa isiingie, huchora vizuri kuliko penseli za bei rahisi, na watoto wa darasa la sita wanaweza kuutengeneza wenyewe chini ya usimamizi.

Rangi nazo hazitushindi. Udongo mwekundu uliopondwa na kuchekechwa hutoa nyekundu ya kahawia isiyofifia. Chokaa hutoa nyeupe. Bizari ya manjano hutoa njano kali, ingawa ni lazima watoto waambiwe kwamba hufifia ikikaa juani. Buluu, ambayo ni ngumu kuipata porini, inauzwa kila duka la mtaani ikiwa bluu ya kufulia. Mtoto akichanganya hiyo bluu na manjano anapata kijani mbele ya macho yake, na somo la rangi za msingi na za mchanganyiko analielewa bila kukariri. Sisi watu wa miombo tunaijua pia mninga, mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Hatuhitaji kukata hata mmoja, kwa kuwa maranda na vipande vinavyotupwa kwenye karakana za maseremala wetu vikilowekwa hutoa rangi ya kahawia nyekundu. Cha kushikiza rangi kwenye karatasi ni gundi ya migunga au kiini cha yai. Ninapendekeza haya kwa nia njema kabisa na si kwa sababu naamini shule zetu zistahili vitu duni; rangi za maji na brashi za dukani zikipatikana, zije. Ila zisipokuja, kipindi kisifutwe kwa kisingizio chake.

Kuhusu udongo wa mfinyanzi nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa hapa mkoa wetu una walimu ambao hatujawatumia. Wafinyanzi wa vijijini mwetu wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu cha mwanafunzi. Wanajua bonde lipi lina udongo unaoshikamana na lipi lina udongo unaopasuka. Wanajua kuuloweka, kuutoa mawe na mizizi, kuukanda mpaka hewa itoke, na kuuchanganya na vigae vilivyopondwa ili usipasuke ukikauka. Wanajua kwamba ukuta wa chungu ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine utakauka bila kulingana na kuachana, kwamba chungu hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, na kwamba kikitiwa motoni kikiwa bado na maji ndani, maji hayo hugeuka mvuke na kukipasua kwa kishindo. Mtoto anayejifunza hayo anajifunza sayansi halisi kwa mikono yake. Nimemwona mama mmoja mfinyanzi akiwafundisha watoto wa darasa la tano kuunganisha kamba za udongo kwa kuzikwaruza kwanza na kuzipaka uji wa udongo, na hakutamka neno lolote la kitaalamu. Alisema tu, "Ukiacha laini havitashikana," na kila mtoto akakwaruza. Mama huyo hakulipwa hata nauli. Naomba halmashauri ziweke utaratibu rasmi wa kuwaalika mafundi kama yeye, pamoja na wachora mabango, wachongaji na wasusi wa mikeka, na kuwalipa posho inayoeleweka, chini ya uangalizi wa mwalimu wa darasa na kwa idhini ya kamati ya shule.

Mafundi hawawezi kuchukua nafasi ya mwalimu. Ndugu Maafisa Elimu, mnao tayari utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambao unawakutanisha walimu katika jumuiya zao za kujifunza shuleni na katika vituo vya walimu. Ninaomba kwamba katika kila muhula angalau kikao kimoja kiwe cha kuchora, na kiendeshwe penseli ikiwa mkononi mwa kila mwalimu. Mwalimu ambaye hajawahi kupima sufuria kwa kidole gumba hawezi kumfundisha mtoto kufanya hivyo kwa kusomewa slaidi. Chuo cha Ualimu Tabora kipo hapa mjini, na likizo zipo. Aidha, mkoani kuna walimu waliosomea sanaa katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, ambacho kimejulikana kwa kuandaa walimu wa masomo hayo, lakini wamepangiwa masomo mengine na hawaulizwi tena. Waorodhesheni. Kila halmashauri ikipata hata wawili au watatu wa kuwaongoza wenzao, kazi itakuwa imeanza.

Wathibiti Ubora wa Shule, kwenu ombi langu ni jepesi kulitamka. Mkifika shuleni huwa mnaomba azimio la kazi na andalio la somo, na mkiyakuta yameandikwa mnaweka alama. Kwa somo hili naomba muombe kazi za watoto. Kila mwanafunzi awe na bahasha au jalada analohifadhia michoro yake, ule wa mwanzo wa muhula na ule wa mwisho, yenye tarehe, ili mwalimu, mzazi na ninyi muweze kuona alikotoka na alikofika. Vipimo navyo vielekezwe kwenye stadi: je, mdomo wa chombo umebanwa inavyopaswa, je, kivuli kiko upande ulio kinyume na mwanga, je, nguzo ya mbali ni fupi kuliko ya karibu. Maswali hayo yana majibu. Alama inayotolewa kwa neno "nzuri" au "mbaya" haimfundishi mtoto kitu, na desturi ya kubandika ukutani michoro mitatu bora peke yake inawafundisha watoto wengine sabini na saba kwamba hawahusiki.

Mkoa huu uliwahi kuyapokea mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, na wote tulishuhudia jinsi viwanja vilivyoandaliwa na jinsi watoto walivyofurahi. Nilifurahi nami. Jina la somo ni Sanaa na Michezo, na upande wa michezo una mashindano, sare, vikombe na wageni rasmi. Ndani ya sanaa, ngoma na kwaya nazo zina majukwaa. Kuchora na kufinyanga havina hata ukuta. Maonyesho ya kila mwaka ya kazi za wanafunzi, katika ngazi ya kata kwanza, yangegharimu kamba, vibanio na ukumbi wa shule.

Lipo jambo jingine linaloniuma nikiwa mtu wa Unyanyembe, eneo la Wanyamwezi hapa Tabora. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York kuna kiti chenye egemeo refu kilichochongwa na Wanyamwezi katika karne ya 19, na watu hulipa kiingilio kuingia humo na kukitazama. Berlin nako viko viti vya enzi kutoka nchi yetu hii. Watoto wetu hawajaviona hata kwa picha, na hawajawahi kuambiwa kwamba babu zao walikuwa wachongaji wa kiwango hicho. Kwihara iko umbali mfupi kutoka mjini, na tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 limehifadhiwa kama makumbusho. Shule huenda pale kusikiliza historia, na watoto hurudi na madaftari yenye tarehe. Naomba safari hizo ziwe na saa moja ya kukaa chini na kuchora: mlango, ukuta, kivuli kinachoangukia sakafu. Mtoto aliyechora mlango kwa saa nzima hausahau.

Muda hautusubiri. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala ulioboreshwa ndio watakaomaliza elimu ya msingi katika darasa la sita mwaka 2027, na kuingia kidato cha kwanza mwaka 2028 pamoja na wenzao wa darasa la saba. Huko watakuta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Tunawataka watoto hao wachague kwa kujijua. Mtoto ambaye hajawahi kushika udongo, kupima umbo wala kuchanganya rangi atachaguaje fani inayotumia macho na mikono? Atachagua kwa kuambiwa, au atapelekwa huko kwa kuonekana ameshindwa kwingine, na hilo litaishushia amali hadhi kabla haijasimama. Shule za sekondari za kata, ambako watoto wetu wengi wanakwenda, nazo zisilikatishe jambo hili kidato cha kwanza na cha pili kwa kukosa mwalimu mmoja wa Sanaa za Ufundi. Kama mwalimu ni mmoja kwa shule tatu jirani, ratiba ipangwe ili azizungukie.

Waheshimiwa Madiwani, ninyi mnapitisha bajeti. Posho za mafundi waalikwa, penseli kwa watoto wasio nazo, na nauli za walimu viongozi ni fedha ndogo ukizilinganisha na mambo mengine mnayoyajadili, lakini zisipotajwa kwenye kifungu chake hazitoki. Naomba zitajwe katika bajeti ijayo. Wakurugenzi, agizo la karatasi halihitaji kusubiri bajeti hata kidogo. Linaweza kutoka wiki hii. Afisa Elimu wa Mkoa, kwako ninaomba waraka mfupi kwa walimu wakuu wote, wa kuwaeleza kwamba kipindi cha Sanaa na Michezo kisikopwe, na kwamba sehemu yake ya kuchora na kufinyanga ifanyike kwa vitendo. Mimi niko tayari kuendesha kikao cha kwanza cha walimu katika kata yoyote mtakayonielekeza, bila malipo.

Ninaomba majibu yenu nayo yatolewe hadharani, katika vikao vijavyo vya mabaraza ya madiwani, mapema kabla shule hazijafungwa Desemba, ili walimu wakuu wajue ratiba ya Januari waipange vipi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Tabora.